Mbwa wako mzee anaumwa: utajuaje muda wa kumpumzisha umefika?

Kwa mbwa wangu Kamanda ilianzia kwenye kucha. Kucha mbili za kati za mguu wa nyuma wa kulia zilikuwa zimelika mpaka karibu na nyama, na akipita kwenye sementi ya baraza ukitega sikio unasikia shrr, shrr, kama mtu anaburuza ndala. Nikajua ni uzee tu, alikuwa na miaka 11, mchanganyiko wa jemani shepadi na mbwa wetu hawa wa kawaida, na mtaani kwetu hapa Morogoro mbwa wa miaka 11 ni babu. Daktari alipokuja akafanya kitu kidogo sana. Akamsimamisha, akaushika ule mguu akaukunja nyayo ikatazama juu, akauweka chini hivyohivyo. Mbwa mzima anaurudisha mguu wake papo hapo. Kamanda akabaki amesimamia mgongo wa mguu, ananiangalia usoni, anatingisha mkia, hana habari kabisa kwamba mguu wake uko vibaya.

Dokta akasema dalili zote ni za ule ugonjwa wa uti wa mgongo unaowapata sana jemani shepadi wakizeeka, neva zinakufa taratibu kuanzia nyuma, wenyewe hauumi ila haurudi nyuma, leo miguu inaburuza, baadaye haisimami, baadaye mkojo na choo anashindwa kuvizuia. Nikauliza swali ambalo kila mtu analiuliza, sasa dokta ndo tumchome sindano afe bila maumivu? Akasema bado. Ilinichukua miezi 8 kuelewa hiyo "bado" yake ilikuwa na maana gani, na ndo maana nimekaa kuandika hapa, kwa sababu watu wengi wananiuliza hilohilo, "mbwa wangu mzee anaumwa, nimpumzishe au nimwache", na mimi naona ndani ya hilo swali kuna maswali kama manne yamejiviringa pamoja, usipoyatenganisha utaamua vibaya kwa nia nzuri kabisa.

La kwanza ni kama ugonjwa wenyewe kweli hautibiki. Unaweza kuona ni swali la kitoto lakini hapa ndo mbwa wengi wanakufa bure. Mfano mzuri ni huu: mbwa mzee analala mzima, asubuhi anaamka kichwa kimepinda upande mmoja, macho yanachezacheza kwenda na kurudi, akisimama anaangukia upande uleule kama mlevi, anatapika, hagusi chakula. Kila anayemwona anasema huyu kapigwa kiharusi, kwisha habari yake, leteni sindano. Kumbe mara nyingi ni hitilafu ya kile kiungo cha ndani ya sikio kinachompa mnyama usawa, kwa mbwa wazee inatokea tu ghafla bila sababu kuonekana, ndani ya siku 3 hivi anaanza kupata nafuu na kwenye wiki 2 au 3 wengi wanatembea vizuri tu, labda kichwa kibaki kimepinda kidogo. Anachohitaji ni dawa ya kichefuchefu, maji, sehemu isiyo na ngazi, na mtu wa kumshikilia akienda kukojoa. Kwa hiyo ukiona hiyo hali mpe siku chache na daktari amwone, usiamue asubuhi ileile.

Alafu kuna ule uvimbe wa sehemu za siri, mwekundu, unafanana na koliflawa, unatoa damu na unanuka, mbwa wanaambukizana wakipandana. Huku kwetu upo sana maana mbwa wengi wanazurura. Ukiutazama unasema hii kansa imeshamla, na kweli ni kansa, lakini ni katika kansa zinazokubali dawa kuliko zote, sindano ya vinkristini kwenye mshipa mara moja kwa wiki, kwa wiki kama 4 mpaka 8, na wengi wanapona kabisa. Na magonjwa ya kupe nayo hivyohivyo, mbwa ufizi umekuwa mweupe, mkojo rangi ya chai ya rangi, homa kali, hainuki, jioni unasema hafiki asubuhi, kumbe kipimo cha damu na dawa sahihi mapema vingemwinua. Sisemi wote wanapona, wapo wanaochelewa. Nasema kabla hujaongelea sindano ya mwisho hakikisha ugonjwa una jina, limetoka kwa mtu aliyempima, siyo kwa jirani aliyemchungulia juu ya ukuta.

Hapo kuna jambo moja tu lisilosubiri mjadala wowote. Mbwa ambaye tabia imebadilika ghafla, anauma hovyo hata watu wa nyumbani, mate yanamtoka, sauti imekauka, taya limelegea, hamezi, huyo usimfungue mdomo kuangalia kama kakwamwa na mfupa. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba, kwa mbwa wala kwa binadamu. Wazuieni watoto, mpigie afisa mifugo, na aliyeng'atwa au kulambwa kwenye kidonda aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 alafu aende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo. Na msimponde kichwa, ubongo ndo unaopimwa.

Haya, tuseme jina limepatikana na ni la kutotibika. Figo, moyo, kansa ya mfupa, uti wa mgongo kama wa Kamanda. Sasa linakuja swali la mateso na hapa watu wanateleza kwenye sentensi moja: "mbona anakula na mkia anatingisha." Mbwa atatingisha mkia mguu ukiwa na kansa. Atakula na maumivu yake, wengine wanakula mpaka siku ya mwisho. Mbwa halalamiki kama sisi, akiumwa ananyamaza, kwa hiyo usisubiri alie, angalia mambo mengine. Anahema kwa nguvu wakati amelala tu na jua halipo. Usiku hapati mkao, analala, anainuka, anazunguka, analala tena. Analamba sehemu moja mpaka manyoya yanaisha. Mgongo umejikunja. Alikuwa anapenda kushikwa kichwa saa hizi anakuepuka, au mpole wa miaka yote leo anakuonyesha meno ukimgusa kiuno. Yote hayo ni maumivu.

Na tafadhali, usimpe dawa zako. Najua sanduku la dawa lipo juu ya kabati na ndani kuna diklofenaki na ibuprofeni na huruma inakuwasha mkono, lakini hizo zinatoboa tumbo la mbwa na kuua figo, unamwongezea ugonjwa mwingine juu ya ule. Mimi nilimpa Kamanda kidonge kimoja kabla sijajua, akatapika damu siku 2, na hata leo nikikumbuka roho inaniuma. Dawa za maumivu za mbwa zipo, muulize daktari, na mbwa wengi unaoona "muda wao umefika" ni mbwa ambao hawajawahi kupewa dawa ya maumivu hata siku moja.

Kuna mama mmoja daktari wa kansa za wanyama huko Marekani, Alice Villalobos, mwaka 2004 alitoa kipimo ambacho madaktari wengi duniani wanakitumia mpaka leo. Anasema toa alama kuanzia 0 mpaka 10 kwenye vitu 7: maumivu (na kupumua ameweka humohumo), kula, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na mwisho kama siku nzuri ni nyingi kuliko mbaya. Ikizidi 35 unaweza kuendelea kumtunza. Mimi nimekitumia na nakipenda kwa sababu kinakulazimisha kuangalia kitu kimojakimoja badala ya kumwangalia mbwa mzima kwa macho yaliyojaa machozi. Ila jumla inaweza kukudanganya. Mbwa mwenye moyo unaoshindwa kazi anaweza kupata 8 kwenye kula, 9 kwenye usafi, 8 kwenye kila kitu kingine, na kwenye kupumua akapata 0, ukijumlisha unaona bado yuko juu sana ya 35, wakati kiumbe anazama hewani mbele yako. Kwa maoni yangu kupumua na maumivu yasiyotulizika kwa dawa havijumlishwi na kitu chochote, kimojawapo kikifika chini kabisa hesabu imeishia hapo. Kama mbwa wako ni wa moyo mhesabie pumzi akiwa usingizini, dakika nzima, kifua kikipanda na kushuka hesabu moja. Chini ya 30 ni kawaida. Ikiwa inazidi hapo siku hadi siku mpigie daktari hata kama mbwa anaonekana mchangamfu.

Kitu kingine kilichonisaidia ni kalenda ya ukutani, zile za bure za maduka. Kwanza niliandika mambo matano ambayo Kamanda anayapenda: kukimbilia geti akisikia honi yangu, dagaa kwenye ugali wake, kumfukuza kenge kwenye mfereji, kulala mlangoni kwa watoto, kuogeshwa kwa mpira wa maji. Kila jioni naweka alama, siku nzuri duara, mbaya mkasi. Kwa nini kalenda? Kwa sababu ukimwona mbwa kila siku humwoni akishuka, na siku moja nzuri inafuta wiki nzima mbaya kichwani kwako, unasema "jana si alikula vizuri?" Kalenda haisahau. Kenge waliisha kwanza. Honi akawa anaisikia, anainua kichwa, anajaribu, anarudi chini.

Sasa nije kwenye swali ambalo ndo kiini chenyewe, lile watu wanalisema kwa upole sana, "mwache ajifie mwenyewe." Nalielewa, mimi pia nililisema. Linasikika kama heshima, kama kumwachia Mungu kazi yake. Lakini wanaolisema wanafikiria mbwa atalala jioni chini ya mwembe na asubuhi mtamkuta amelala moja kwa moja. Inatokea, ila ni nadra. Wa figo anakaa siku nyingi na kichefuchefu, mdomo unatoka vidonda na kunuka kama mkojo, anatapika hata maji. Wa moyo anakaa usiku kucha amenyoosha shingo na kupanua viwiko akitafuta hewa, haruhusiwi na mwili wake hata kulala. Asiyeweza kuinuka analalia upande mmoja, ngozi inachimbika, mkojo unamchoma, na kwa joto letu hili nzi wanataga na funza wanaingia kwenye nyama ya mnyama aliye hai. Nimeona hilo, nyuma ya banda la kuku kwenye nyumba ya watu wazuri kabisa, wanaosali, ambao walikuwa "wanamwachia Mungu", na kwakweli walikuwa wamemwachia nzi.

Tazama tunavyofanya kwa mbuzi. Mbuzi akivunjika mguu porini hakuna anayesema mwacheni ajifie, anawahiwa na kisu, na kisu kinanolewa, na hakuna anayeona kwamba tumemwingilia Mungu. Tunaogopa asiwe kibudu, nyama isipotee. Mbwa hana nyama ya kuokoa, ndo maana kwake tunapata uvumilivu wa wiki 3. Kumwacha nako ni kuamua, ni kumwamulia njia ndefu. Tumemwamulia maisha yake yote, ale nini, alale wapi, afungwe saa ngapi, hatuwezi kufika mwisho tukasema hili siyo letu. Na sheria nazo haziko mbali na hili, Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, Kenya wana yao ya zamani ya kuzuia ukatili kwa wanyama, zote zinakataza kumtesa mnyama bila sababu.

Madaktari wana msemo kwamba ni afadhali wiki moja mapema kuliko siku moja baadaye. Kwa ugonjwa wenye kishindo nakubaliana nao kabisa, kansa ya mfupa ambayo mguu unaweza kuvunjika wenyewe akishuka ngazi, uvimbe wa bandama unaoweza kupasuka akavuja damu ndani usiku wa manane na daktari hapatikani. Hapo kusubiri "ishara" ni kusubiri ajali. Kwa ugonjwa wa polepole kama wa Kamanda msemo huo ulinipa shida, mapema kuliko nini? Nilichokuja kukielewa ni kwamba hakuna siku moja sahihi iliyofichwa mahali unayotakiwa kuivumbua, kuna kipindi, labda wiki kadhaa, ambapo ukiamua siku yoyote humo hujakosea. Kabla yake ni mapema, bado ana furaha zake. Baada yake ni mateso. Ukilijua hilo mzigo unapungua, huhitaji kulenga siku. Na kuna dharura ambayo haina kipindi, tumbo limejaa ghafla gumu kama ngoma na anajaribu kutapika hakitoki kitu, hiyo ni masaa, ni upasuaji au sindano, leoleo, kesho haimo.

Wanaomsubiri mtoto arudi kutoka bweni amuage, au baba arudi safari, ombi langu ni muulize daktari kama maumivu yanaweza kutulizwa mpaka siku hiyo. Yakiwezekana subirini. Yasipowezekana mpigieni simu ya video.

Na hela. Wapo wanaopumzisha mbwa kwa sababu matibabu yameshinda mfuko na wanaona aibu kusema, wanazungukazunguka, mbwa anazidi kuumia. Mwambie daktari ukweli mapema, "dokta nina kiasi hiki", akupangie kinachowezekana, na jaribu hospitali za wanyama za vyuo, hapa Chuo Kikuu cha Sokoine, kwa Wakenya Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi, wanafundishia wanafunzi na wana wataalamu. Ikishindikana kabisa, mbwa anayekufa bila maumivu kwa sababu ya umaskini wetu ametendewa vizuri kuliko anayekufa nayo kwa sababu hiyohiyo. Ila kumchoma mbwa mzima wa afya kwa sababu mnahama nyumba, hilo siliweki hapa, mtafutieni kwao kwingine.

Siku yenyewe ikoje? Njia nzuri ni mbili kwa pamoja, sindano ya usingizi kwanza, asubiriwe mpaka alale fofofo, alafu pentobabitali nyingi kwenye mshipa, ambayo ni dawa ya nusukaputi iliyozidishwa, ufahamu unaondoka kwa sekunde na moyo unasimama ndani ya dakika chache. Dawa hii inadhibitiwa, siyo kila duka la mifugo linayo wala kila bwana mifugo, kwa hiyo uliza kabla: utatumia dawa gani, utamlaza kwanza? Wakiikosa madaktari wana njia nyingine, lakini sharti ni lilelile, mbwa awe hajitambui kabisa kwanza. Mtu akikujia na dawa ya kuogeshea ng'ombe, sumu ya kuweka kwenye nyama, au sindano ya kulegeza misuli peke yake, mrudishe. Hizo zinaua mnyama akiwa anajua kila kitu.

Macho hayafungi, mjiandae kwa hilo. Anaweza kuvuta pumzi kubwa moja au mbili baada ya moyo kusimama, misuli ikatetemeka, mkojo ukatoka. Hajarudi, ni mwili tu unajiachia. Watoto waambieni "amekufa", msiwaambie amelala, maana wao wenyewe usiku wanatakiwa walale, na siku wakiumwa wanatakiwa wakubali sindano.

Mwili usitupwe dampo wala korongoni. Ile dawa inabaki kwenye nyama, mbwa mwingine, tai au fisi akila anakufa naye. Chimbeni zaidi ya mita moja, mbali na kisima, na mawe juu. Na mchimbe kabla, kwa sababu baadaye hamtakuwa na nguvu na jua la saa 6 halisubiri mtu. Sisi tulichimba asubuhi ile nyuma ya mparachichi dokta akiwa bado njiani, na Kamanda hakukubali kubaki barazani peke yake, alilalamika mpaka tukambeba na mkeka wake tukamweka pembeni kivulini, akawa anatazama udongo unavyotoka na kunusa hewa, mara anasinzia, na mwanangu akampa dagaa mmojammoja kwa mkono mpaka tuliposikia pikipiki getini.